Taarifa ya Kurasa Nne

Kibokoni, Mombasa
Ijumaa, 9 Agosti 2024

Kwa dada yangu Nasiha,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mgongo uliokusumbua tangu majira ya baridi umepata nafuu. Huku kwetu hatujambo kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu. Goti la Mama bado lamuuma akipanda ngazi, lakini anakula, anaswali kwa kuketi kitini, na asubuhi hii amemgombeza mwuza maziwa kwa kutia maji, kwa hiyo wajua kuwa nguvu anazo. Mke wangu na watoto wanakusalimu sana.

Utashangaa kupata barua ya mkono kutoka kwa mtu anayekupigia simu kila Jumapili. Nimejaribu kukuambia kwa simu mara tatu. Kila mara ulinitangulia kwa upole wako, ukaniuliza kama napata usingizi, ukanisihi nisijilaumu, nami nikasema salama, dada, salama, tukaagana. Ndiyo maana nimechukua karatasi. Karatasi haiulizi kama nimekula. Katika bahasha hii utakuta pia taarifa ya kurasa nne iliyopigwa chapa. Usiisome kwanza. Maliza barua, kisha uisome, na nakuomba usinipigie mpaka uwe umemaliza zote mbili. Bahasha naipeleka kwa abiria wa ndege ya usiku huu, ikufikie kesho.

Hati ya kiapo uliyoituma kupitia kwa wakili Seth ilinifikia Jumanne. Inasema kwamba Awino, aliyekuwa mweka hesabu wa kampuni ya Zizima, alimficha mkaguzi wako, yaani mimi, karatasi muhimu za kampuni. Kwamba kwa kufichwa huko mimi nikakupa ushauri wa makosa, nawe ukapoteza shilingi milioni sita na laki nne. Mwisho wa ukurasa pana nafasi ya sahihi yako na nafasi ya sahihi yangu. Seth anaitaka kabla ya Jumatano, siku atakayosimamishwa Awino mahakamani. Sijaitia sahihi. Nitakueleza sababu, na kwa kuwa maisha yangu yote nimezoea kupanga mambo kwa tarehe, niruhusu nianzie tarehe ya kwanza.

Ilikuwa Disemba ya mwaka juzi uliponipigia kutoka Leicester ukiwa umefurahi kama msichana. Kamaludin, mjukuu wa maalim wetu wa chuoni, alikuja huko kwa harusi, na baada ya biriani akasimama mbele ya watu wa Mombasa akawaeleza kuhusu kampuni yake changa, hiyo Zizima. Akawaambia kuwa mboga na matunda ya soko la Marikiti huoza kabla hayajauzwa, na kwamba yeye amejenga vyumba vya baridi vinavyoendeshwa kwa jua, ambapo mwuza nyanya analipia kreti moja kwa siku na kuamka na mali yake ikiwa mbichi. Uliniambia kuwa ulimkumbuka bibi yetu na mapera yake yaliyokuwa yakiharibika uani, machozi yakakutoka ukumbini. Pesa za kustaafu kwako zilikuwa zimetoka. Ulitaka ziwe na kazi hapa nyumbani kabla hujarudi mwenyewe. Lakini ukasema, na maneno haya nayakumbuka yalivyo, “Mzamil, mimi sijui vitabu. Wewe vichungulie. Ukisema hapana, basi ni hapana, sitauliza kwa nini.”

Ulitaka kunilipa, nikakataa. Ningewezaje kuchukua ujira kwa mtu aliyenilipia karo miaka mitatu kwa kuwageuza wazee wa kizungu vitandani?

Januari nikaenda Shimanzi. Godauni la Zizima liko nyuma ya yadi ya makontena, na kuingia kwake ni mpaka uyapishe malori mawili matatu ukiwa umejibandika ukutani. Kamaludin alinipokea kwa kahawa na halwa, akanionyesha ukutani picha za akina mama wakicheka na kreti zao, na mchoro wa mapato uliopanda kutoka pembe ya chini hadi pembe ya juu. Vyumba vya baridi vilikuwa vitatu. Viwili vikinguruma. Cha tatu kimefungwa, akasema kinasafishwa.

Alhamisi nikarudi bila kumwarifu. Yeye hakuwapo, alikuwapo mlinzi, mzee mmoja aitwaye Tsofa, ambaye hakuona sababu ya kunizuia. Alinifungulia chumba cha tatu. Ndani mlikuwa na mafagio, ngazi, mikebe ya rangi na joto la kukaanga mayai. Nikamwuliza paneli za jua zilizo paani zinafanya kazi gani. Akasema zinawasha taa na kompyuta za afisini. Vyumba vinavyonguruma vinaendeshwa na jenereta lililo nyuma ya ukuta, na dizeli yake huja kwa mapipa Jumatatu na Alhamisi. Nilipokuwa natoka, lori la mapipa likawa laingia.

Kampuni changa, dada, haipimwi kwa faida. Ingekuwa na faida isingehangaika kutafuta pesa za watu. Mimi hutazama ni nani anayelipa, na kama analipa kwa pesa zake mwenyewe, na kama hakuna hata shilingi mpya itakayoingia mlangoni kuanzia leo, taa zitazimika mwezi gani. Mengine yote, ile michoro na picha, ni ya kupamba ukuta.

Ili kumjua anayelipa, nikaenda Marikiti. Nilikaa siku mbili, nikazungumza na watu wasiopungua thelathini. Aliyenieleza vizuri zaidi ni mama mmoja mwuza nyanya aitwaye Zilpah, ambaye kila alipomaliza sentensi alichagua nyanya mbovu na kuitupa ndooni. Alisema kila mwenye kutaka kreti hutoa kwanza amana ya shilingi elfu kumi na tano, ambayo atarudishiwa siku akiacha. Yeye alitoa. Akapeleka nyanya mara mbili. Mara ya pili alizikuta zimetoka jasho, kwa kuwa dizeli ilikwisha adhuhuri na hakuna aliyekwenda kununua nyingine. Tangu hapo hapeleki, lakini amana hajarudishiwa. Nikamwuliza wenzake wangapi wanapeleka bado. Akatazama huku na huku sokoni, akahesabu kwa vidole, akafika sita.

Karatasi ndizo zilizobaki. Kamaludin alinipa jedwali safi la mapato na matumizi, lakini taarifa za benki akasema ziko kwa mwanasheria. Nikamwendea Awino. Wewe hukuwahi kumwona. Ni msichana wa miaka ishirini na tisa, mwembamba, mwenye miwani, anayeandika tarakimu ya saba kwa kuikatisha mstari katikati kama tulivyofundishwa zamani. Alizaliwa hapa hapa, babake alifanya kazi reli. Nilimwambia ukweli, kwamba mwenye pesa ni dada yangu na ndizo alizo nazo. Akaniuliza una miaka mingapi. Nikamwambia sitini na moja. Kesho yake mchana alinikabidhi bahasha ya kaki mbele ya afisi ya posta, taarifa za benki za miezi kumi na minne, orodha ya wadaiwa, na daftari la amana. Hakupunguza karatasi hata moja. Alisema tu, “Bwana Mzamil, hizi nimekupa kwa sababu umeniuliza vizuri. Mimi huziandika kama nilivyoamrishwa. Wewe zisome kama zilivyo.”

Nikazisoma kama zilivyo. Mapato ya mwaka mzima yaliandikwa milioni kumi na nane na laki mbili. Zaidi ya nusu ya hizo, milioni tisa na laki sita, zilitoka kwa mteja mmoja, kampuni ya kupelekea mahoteli vyakula. Kampuni hiyo ni ya shemeji yake Kamaludin na tangu Juni haikuwa imelipa hata senti. Milioni tatu na ushei zilikuwa zile amana za wauza mboga mia mbili na kumi na wawili, pesa ambazo ni za akina Zilpah, zilizoandikwa kama mauzo. Mauzo ya kweli hayakufika milioni sita. Dizeli ya jenereta ilikuwa imeandikwa kama ununuzi wa mitambo, ili isionekane katika matumizi. Benki palikuwa na milioni nne na laki tisa, na kila mwezi zilikuwa zikitoka milioni moja na laki nne zaidi ya zilizoingia. Miezi mitatu na nusu, basi. Baada ya hapo ni giza.

Nikaandika taarifa ya kurasa nne. Sentensi yake ya mwisho ilisema: Nashauri usiweke pesa zako katika kampuni hii.

Najua hapa umesimama kusoma. Najua unaiwaza ile taarifa uliyo nayo wewe, ya kurasa kumi na moja, yenye picha ya jua kwenye jalada, iliyokwisha kwa maneno mengine kabisa. Subiri kidogo, nakuja huko.

Taratibu za kazi yetu zinataka mkaguzi amwonyeshe mwenye kampuni aliyoyapata kabla ya kuyapeleka, ajibu kama ana la kujibu. Nilimpigia Kamaludin, akasema tukutane Mama Ngina, pale ufukweni, tupunge upepo. Ilikuwa Jumamosi ya Februari, baada ya alasiri. Watu wamejaa na watoto wao, mihogo inachomwa, ndimu na pilipili zinapakwa, na yeye ameninunulia dafu kabla sijaketi. Nikampa kurasa zangu nne. Alizisoma zote polepole. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira, au aapie kaburi la babu yake. Hakufanya hayo. Alizikunja vizuri, akanirudishia, akasema, “Yote haya ni kweli.”

Kisha akaniuliza nina miaka mingapi pale kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Nikamwambia ishirini na mmoja. Akauliza cheo changu. Nikamwambia mhasibu msaidizi. Akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikia habari ya msiba. Akasema kumweka mtu mwenye macho kama yangu miaka ishirini na mmoja akikagua risiti za mafuta ya malori ni dhulma. Akasema Zizima ina ugonjwa, naam, lakini ni ugonjwa wa kukosa mtu kama mimi. Anahitaji mkuu wa fedha. Mshahara laki moja na elfu tisini, afisi yangu mwenyewe, na hisa mbili katika mia. Angeniajiri hata kesho, ila alitaja kwa masikitiko kuwa nafasi hiyo haiwezi kufunguliwa mpaka wawekezaji wa Uingereza waingie.

Hakuniambia nibadilishe hata neno. Nataka ulijue hilo, kwa sababu mwaka mzima nimelitafuta neno lake moja la kumshikia, silioni. Alisema tu kuwa mimi ndiye nijuaye namna ya kuandika. Akanunua mihogo mingine. Akaniaga kwa mikono miwili, akaenda zake.

Mshahara wangu wakati ule ulikuwa elfu sitini na nane. Wewe hukuwahi kuniuliza ulikuwa ngapi, kwa adabu. Vijana niliowafundisha mimi kujaza fomu za forodha walikuwa wamekwisha kuwa mameneja, wakipita mezani kwangu wakisema “vipi, Mzamil” bila kusubiri jibu. Kila ulipokuja likizo uliniletea shati, na Mama aliwaambia majirani kuwa mwanangu ni mhasibu, na mimi nilishusha macho. Siyasemi haya unionee huruma. Nayasema kwa sababu wewe unadhani kuwa nilidanganywa, na mtu aliyedanganywa ni mtu mwema. Mimi sikudanganywa, dada. Nilijua kila kitu, na nikaandika taarifa ya pili.

Niliiandika Jumapili, mezani, watoto wakifanya kazi za shule upande wa pili. Ilinichukua mchana mmoja. Ajabu ni kwamba hakuna tarakimu ya uwongo ndani yake, unaweza kumpa mkaguzi yeyote aipekue. Pale nilipoandika kuwa zaidi ya nusu ya mapato yanatoka kwa kampuni ya shemeji ambayo hailipi, niliandika kuwa kampuni ina mteja mkuu mwenye uhusiano wa muda mrefu na waanzilishi. Amana za wauza mboga nikazishusha ukurasa wa kumi, katika maelezo ya chini, kwa herufi ndogo nilizojua kuwa macho yako hayazisomi bila miwani. Chumba cha tatu nikakiita nafasi iliyopo ya kupanua shughuli. Ile miezi mitatu na nusu niliifikiria sana. Mwishowe nikaandika kuwa kampuni inatarajia kupata mtaji mpya katika robo ya pili ya mwaka. Mtaji mpya ulikuwa ni wewe. Na mahali pa sentensi ya mwisho nikaweka kuwa hatari zilizopo ni za kawaida kwa kampuni changa, na uamuzi ni wa mwekezaji.

Ulinipigia siku mbili baadaye ukasema hukuelewa maneno mengi. Ukaniuliza swali moja tu, ungekuwa ni wewe, ungeweka? Nikasema ningeweka. Katika yote niliyoyafanya, hilo ndilo neno moja la uwongo mtupu, na nililisema kwa mdomo ili lisibaki popote.

Wewe wajua kuwa niliajiriwa Mei, pesa zako zikiwa zimekwisha kuingia, na ulifurahi ukasema sasa pesa zetu zimepata mlinzi wa nyumbani. Hukujua kuwa niliahidiwa Februari. Wiki kumi na moja ndizo zilizozimaliza milioni zako. Nilikuwa nimeketi nyuma ya mlango wa kioo ulioandikwa jina langu, nikiidhinisha malipo, kodi ya godauni ya miezi mitano nyuma, mishahara, deni la dizeli. Hazikununua hata kreti moja. Watu wetu kumi na wanne wa Leicester waliingia baada yako kwa kuwa taarifa yangu uliwapitishia. Pesa zao ndizo zilizotufikisha Januari mwaka huu, siku jenereta liliponyamaza na akina mama wa Marikiti wakaja kugonga lango. Zilpah alikuwapo. Aliniita kwa jina akaniuliza kama nina habari ya amana yake, kisha akasema haya, baba, tutasubiri. Kamaludin wakati huo yuko Dubai, yasemwa kwa matibabu.

Sasa nifike kwa Awino. Wapelelezi waliponiita Machi, waliniuliza kama niliziona taarifa za benki kabla ya wewe kuweka pesa. Nikajibu kuwa nilitumia karatasi nilizopewa na idara ya hesabu. Hilo pia ni kweli. Afisa akauliza idara ya hesabu ni nani. Nikasema ni Awino. Akaandika. Aliona mwenyewe kilichobaki: mkaguzi amefikia ushauri wa makosa, karatasi amepewa na msichana, basi msichana ameficha. Kamaludin akaandika kutoka Dubai akathibitisha. Sikumsingizia kwa neno, nilinyamaza tu, na kalamu ya afisa ikaendelea. Awino alilala kituoni siku mbili. Babake alitoa dhamana kwa kiinua mgongo chake cha reli. Mitihani yake ya uhasibu, iliyobaki miwili, hajaruhusiwa kuifanya mpaka kesi iishe. Na wewe, kwa kuniamini mimi, umelipa wakili kutoka kwenye mshahara wa zamu ulizorudi kuzifanya katika umri huo, ili Awino afungwe.

Jumatano nilikwenda kwao Makupa. Babake, Mzee Crispus, ndiye aliyefungua. Hakunijua kwa sura, lakini nilipotaja jina alinishika mkono kwa yake yote miwili, akaniita Bwana Mhasibu, akanitolea kiti nje kivulini. Alisema tangu yalipotokea hakuna mtu hata mmoja wa kampuni aliyekuja kuwajulia hali, na kwamba Mungu atanilipa. Nilikaa kwenye kiti kile, dada, nikamsikiliza akinishukuru. Akaenda kumwita binti yake.

Awino alitoka akikausha mikono. Alisimama, hakuketi. Nilianza kusema, akanikatiza kwa kuniuliza swali.

“Nilikupa karatasi zote?”

Nikasema alinipa zote.

“Ulizielewa?”

Nikasema nilizielewa. Nikaanza kumwomba radhi.

“Usiniambie mimi,” akasema. “Mimi nilikuwa najua. Mwambie dada yako.”

Akarudi ndani. Babake akauliza mbona mgeni hakupewa hata chai.

Haya ndiyo niliyoyafanya tangu hapo. Jana asubuhi nilimpa wakili wa Awino nakala ya kurasa zile nne. Taarifa hiyo nilikuwa nimejitumia mwenyewe kwa baruapepe siku niliyoimaliza, tarehe saba Februari, kwa hiyo tarehe yake haina ubishi, na inataja karatasi zote alizonipa, moja moja. Jumatatu naenda kwa wapelelezi kubadilisha maelezo yangu. Wakili amenionya kuwa huenda nisirudi nyumbani siku hiyo. Chama cha wahasibu nimewaandikia kuwarudishia cheti changu kabla hawajakiomba. Na katika nyumba hii aliyotuachia Baba, sheria ilinipa mimi mafungu mawili na wewe moja. Nimekwenda kwa kadhi na mashahidi wawili, mafungu yangu yote nimekuandikia wewe. Hayafiki nusu ya ulichopoteza. Mke wangu anajua, na tangu ajue hazungumzi nami ila kuhusu watoto.

Usidhani nimeandika ili uniambie yamekwisha. Nakujua, utataka kuyasema, utaanza na habari ya karo na ya marehemu Baba, utatafuta mahali pa kunifichia. Tafadhali usifanye hivyo. Ukinisamehe kwa simu Jumapili hii, Jumatatu miguu itaniishia mlangoni kwa wapelelezi. Ninachokuomba ni kimoja, nacho kina siku: hati ya kiapo usiitie sahihi. Mwandikie Seth leo hii, hata kabla hujanilaani, aiondoe.

Wasalimie wote walionijua huko na ambao bado wataka salamu zangu. Wale kumi na wanne wape nakala ya kurasa nne, ni haki yao. Mama yuwakusalimu. Kila siku yuwauliza Nasiha yuwaja lini, na mpaka juzi nilikuwa namwambia Disemba. Leo baada ya swala ya Ijumaa nilikaa miguuni pake nikamwambia kuwa Disemba huji, na pesa za kukuleta nyumbani nilizipoteza mimi, na nikamweleza vipi. Alisikiliza yote. Akaniuliza kama wewe umekwisha kujua. Nikasema bado. Akaniambia niinuke nikaandike.

Wabillahi tawfiq.

Ni mimi nduguyo,
Mzamil Badawi